Draiva za Muzee Wenceslas

Siku Muzee Wenceslas alipotoa draiva zake mpya, watu wa klabu walipanda Kibumba asubuhi, wengine kwa pikipiki, wengine katika gari la Jephté lililobeba vikapu vya kulengea. Kwa kawaida walichezea Buhene, juu ya mawe meusi yaliyoachwa na volkano. Lakini Muzee alisema draiva mpya inataka nafasi, na Kibumba kuna malisho marefu ya ng'ombe ambako mtu anaweza kutupa mpaka bega limuume bila kugonga kitu.

Mchezo huu bado ni wa watu wachache Goma. Unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, na anayekifikia kwa mitupo michache ndiye mshindi. Kisahani cha kutupa mbali, chenye ukingo mwembamba, ndicho wanachokiita draiva. Vyote walivyokuwa navyo vilitoka nje, katika mabegi ya wageni, na mawe ya Buhene yalivimaliza kimoja kimoja. Ndiyo maana Wenceslas Habarurema alipotangaza kwamba atatengeneza draiva hapa hapa Goma, kwa plastiki ya hapa, hakuna aliyemcheka. Alikuwa amefundisha mekanike, ufundi wa mashine, shuleni miaka mingi, na katika karakana yake ya mtaa wa Mapendo watu walimletea mashine ambazo mafundi wengine walikuwa wameshindwa nazo.

Plastiki ilitoka kwa Angèle Munezero. Angèle aliuza mabeseni na ndoo pale pale Mapendo, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa akinunua mabeseni yaliyopasuka kutoka kwa wateja wake, akiyaosha, akiyakata vipande kwa mkasi wa bati, na kuyapeleka karakanani kwa magunia. Mkasi ule ulimwachia sugu kwenye kidole gumba. Hakuna aliyemlazimisha. Alipofika Goma akikimbia vita vya Rumangabo, akilala kambini na mama yake, mtu wa kwanza kumwita kwa jina lake alikuwa Wenceslas, aliyekuja na visahani na kuwafundisha vijana wa kambi kutupa. Baadaye alimsaidia kupata nafasi ya kuuzia. Angèle alimwita papa, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Kibumba, Muzee alifungua gunia mbele ya wote. Draiva zilikuwa za kijani kibichi, zote rangi moja, na katikati zilichomwa jina KIVU kwa chuma cha moto. Alimpa kila mtu moja. Alisema kila atakayetupa aseme mara moja alivyoisikia mkononi na hewani, kabla hajaanza kufikiri sana, na Jephté achukue video kwa simu, kwa sababu wachezaji wa Bukavu na Kigali walikuwa wanangoja kuona. Aliongeza jambo moja: wasizikunje. Plastiki bado changa, alisema, iachwe ipumzike wiki chache.

Fabiola alitupa wa kwanza. Alikuwa muuguzi, mrefu, mwenye mkono mrefu, na hakuna katika klabu aliyetupa mbali kumzidi. Kisahani kilitoka mkononi mwake kikaenda juu ya malisho bila kutetemeka, kikaelea pale ambapo vingine huanza kuanguka, kisha kikainamia kushoto taratibu kikatua kwenye majani. Hata wachunga ng'ombe waligeuka kutazama.

"Inashika mukono muzuri," Fabiola alisema mbele ya simu. "Inaenda direct, kisha kwa mwisho njo inapinda. Sikuwaza kama kintu ya Goma inaweza kuruka hivi."

Jephté alisema ukingo wake hauchubui vidole kama zile za nje. Mwingine alisema ingawa upepo ulimpiga usoni, kisahani hakikugeuka. Benny tu, mfanyabiashara wa asili ya Butembo ambaye hakuwa mtu wa kusifu, ndiye aliyesema kwamba inaruka vizuri lakini atatoa maoni yake baada ya Buhene.

Zamu ya Angèle ilipofika, alikishika kisahani kwa mikono miwili kwanza. Kilikuwa laini kuliko alivyotegemea. Plastiki ya beseni aliijua: ni kavu, inapiga kelele ikikatwa, na ukiibonyeza inaacha mstari mweupe. Hii ilijibu kidole kama mpira. Tena ilinuka rangi. Alijiambia kwamba moto hubadilisha vitu, na kwamba papa anajua anachokifanya. Akatupa, kikaruka vizuri, na macho yakamjaa machozi.

"Hii ni mabeseni yetu," alisema mbele ya simu. "Nilikata mimi mwenyewe. Kila mutu aliyenipa beseni yake ya kupasuka, aone vile imekuwa."

Kando ya seng'enge walisimama wasichana wa shule pamoja na mwalimu wao, Généreuse. Angèle alikwenda kuwasalimu, ingawa moyo wake haukutaka. Miezi michache nyuma, Généreuse alikuwa amemwomba visahani kwa ajili ya wasichana wake, ambao Angèle aliahidi kuja kuwafundisha, na mama mmoja wa Kigali aliyewahi kucheza na klabu alikubali kutuma katoni ya visahani vilivyotumika. Kwa kuwa uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, katoni ilipita Gisenyi, upande wa pili wa mpaka, na Wenceslas alijitolea kwenda kuipokea mpakani. Alirudi mikono mitupu. Alisema katoni ilizuiliwa, kisha ikarudishwa, na kwamba ndivyo mambo ya barrière, kizuizi cha mpakani, yalivyo. Ilimbidi Angèle mwenyewe apande Kibumba kuwaambia wasichana kwamba hakuna kitu. Wazazi wawili watatu walikuwepo, na mmoja alisema watu wa Goma wanapenda kuahidi.

Sasa Généreuse alimuuliza kwa upole kama hizo za kijani zitawafikia siku moja. Angèle alimjibu kwamba zikitengenezwa nyingi, wao watakuwa wa kwanza. Alilisema hilo akiliamini.

Video ilizunguka Goma yote kwa siku chache. Redio moja ilimwita Wenceslas, naye akamtaja Angèle kwa jina. Wateja walimletea mabeseni yao bure, wakitaka kujua kama kisahani hiki au kile kilitoka kwao. Mama yake, Mukamugema, ambaye hakuwahi kuuelewa mchezo huo, aliomba aonyeshwe video mara kadhaa, na kila mara alipomwona binti yake akizungumza aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimiwa.

Jumapili iliyofuata walikwenda Buhene. Wenceslas hakuwepo, alikuwa na msiba wa jirani. Benny alitupa akilenga kikapu cha tatu, kile kilichowekwa nyuma ya kilima cha mawe, akakosa, na draiva yake ikagonga jiwe kwa ubavu. Alikwenda kuiokota, na hakurudi haraka. Waliona ameinama, anasugua kitu kwa kidole gumba. Aliporudi aliwanyoshea kisahani.

Kijani kilikuwa kimebanduka upande mmoja kama ganda la kidonda. Chini yake palikuwa na njano.

Angèle alisema haraka kwamba labda beseni la njano halikuyeyuka sawasawa. Alikuwa amekata ya njano mengi, alisema. Benny alikigeuza kisahani upande wa chini. Pale rangi ilipotoka, ndani ya plastiki yenyewe, zilionekana herufi zilizosuguliwa kwa msasa lakini hazikuisha: nusu ya jina la kigeni ambalo wote walilijua, kwa sababu lilikuwa kwenye visahani vyao vya zamani. Jephté akachukua draiva yake na kuikunja kwa nguvu, lile jambo walilokatazwa. Rangi ilipasuka yote, ikaanguka vipande miguuni mwake. Yake ilikuwa ya machungwa.

Kisha Fabiola alimtazama Angèle na kumuuliza kama alijua.

Angèle alisema hapana. Alisema atamuuliza papa, na papa atakuwa na maelezo. Alipokuwa akishuka mjini kwa pikipiki alijaribu kuyatunga yeye mwenyewe hayo maelezo, moja baada ya jingine, na kila moja liliishia kwenye katoni ya Gisenyi.

Alimkuta Wenceslas karakanani jioni ile ile, ametoka msibani, bado amevaa koti. Angèle aliweka draiva ya Benny juu ya meza ya chuma, upande wa njano juu. Muzee aliitazama, akavua koti, akalitundika, akakaa.

Hakukana. Hilo lilimshangaza Angèle kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kusikia akikana. Wenceslas alisimama tena, akamchukua hadi nyuma ya karakana, akamwonyesha magunia. Yalikuwa pale karibu yote, yamefungwa kwa kamba ile ile aliyoyafungia yeye. Kisha akatoa sanduku lililojaa visahani vya rangi ya matope, vimejikunja kama chapati zilizoungua. Kimoja kilikuwa na mapovu. Kingine alikishika kwa vidole viwili tu, kikavunjika. Alieleza kwamba alijaribu kwa miezi. Kalibu ilikuwa sawa, moto ulikuwa sawa, lakini plastiki ya beseni ilikataa: ikipoa inajivuta, na ikigonga chini inapasuka. Wakati huo alikuwa ameshatangaza, watu walikuwa wanangoja, na Kigali walikuwa wanauliza tarehe.

"Zile za katoni zilikuwa za kushika nafasi tu," alisema. "Mpaka zetu zitoke muzuri. Nilikuwa nitabadilisha moja moja, hakuna mutu angejua."

"Juu ya nini haukuniambia mimi?"

"Ungekatala."

Angèle alimuuliza kuhusu wasichana wa Kibumba. Walisimama pale kwenye seng'enge, alisema, wakiangalia vitu vyao wenyewe vikiruka mbele ya macho yao, na yeye ndiye aliyewaambia kwamba havikufika. Wenceslas alitikisa kichwa kama fundi anayeulizwa kuhusu msumari uliopotea.

"Bale batoto hawajue hata kutupa," alisema. "Wangezimaliza kwa wiki moja."

Angèle alitazama magunia yake. Siku ile ya kambini, aliposhika kisahani kwa mara ya kwanza, hakujua kutupa hata kidogo. Kilimpiga mama yake kwenye goti. Mzee huyu huyu alicheka, akamrudishia mkononi, akamwambia arudie.

Hakumkumbusha hilo. Alimwambia tu kwamba Jumapili lazima awaeleze watu ukweli, na draiva zirudi zilikotakiwa kwenda. Wenceslas alikubali. Alimsindikiza hadi barabarani, akamshika bega, akasema: "Wewe ni mutoto yangu. Niachie mimi nizungumuze nabo." Angèle alimwachia.

Jumapili walikutana Buhene, wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ilikuwa imeenea. Wenceslas alisimama juu ya jiwe la kutupia, akavua kofia. Alizungumza vizuri, kwa sauti ya chini, kama alivyozungumza daima. Alisema ni kweli draiva zimepakwa rangi. Alisema plastiki aliyoletewa ilikuwa chafu, imechanganywa ovyo, haikufaa, na klabu ilikuwa karibu kuaibika. Halafu alisema kwamba jambo hilo hakulifanya peke yake. Walikaa na Angèle wakakubaliana watafute njia ya muda, na katoni hata hivyo ilikuwa imetumwa kwa jina la Angèle.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Katoni ilitumwa kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeiomba.

Angèle alisimama nyuma, karibu na gari la Jephté. Alisikia maneno yote, lakini yalichukua muda kumfikia. Alimtazama Wenceslas akingoja ageuze uso upande wake, na Wenceslas hakugeuza. Aliangalia kofia yake. Angèle alisema kwa sauti kwamba si kweli, kwamba alijua Jumapili iliyopita tu, hapo hapo, pamoja nao. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Jephté alitoa simu. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa mtu anayetaka kuona kitu kwa macho. Alifungua video ya Kibumba, na wote wakasikia tena: hii ni mabeseni yetu, nilikata mimi mwenyewe. Mtu mmoja alicheka puani. Fabiola alimuuliza, mtu anayekata plastiki mwaka mzima, anaijua kwa kidole, angewezaje kushika kile kisahani asijue si ya beseni?

Angèle alikuwa amejua kidogo. Alisikia ulaini ule, alinusa ile rangi, akachagua kumwamini mtu. Angewaambia hivyo vipi? Alisema tu kwamba alimwamini papa. Mbele ya watu wale neno papa lilimtoka bado, na lilimuuma mdomoni.

Baadhi walitupa draiva zao chini palepale. Wengine waliondoka nazo, wakisema ziwe za nani, zinaruka. Wenceslas alishuka kwenye jiwe, watu wawili wakamshika mkono, wakamwambia mutu mukubwa ni yule anayekubali kosa. Angèle aliokota zile zilizobaki juu ya mawe, moja moja, akaziweka katika gunia, na hakuna aliyemsaidia wala kumzuia.

Asubuhi iliyofuata alizipeleka Kibumba. Alikuwa amezisugua rangi kwa petroli, na sasa zilikuwa njano, machungwa na nyeupe, na jina KIVU lililochomwa katikati halikuweza kutoka. Généreuse alimpokea nje ya darasa. Angèle alimweleza yote, kuanzia Gisenyi, bila kujitetea mahali alipoweza kujitetea. Mwalimu alisikiliza akiwa amekunja mikono chini ya kitenge, kwa maana kulikuwa na baridi.

Généreuse alisema anamsadiki. Kisha alisema kwamba wazazi waliona video, na walisikia pia ya Jumapili, na kwamba sasa katika Kibumba jina la Angèle linatajwa pamoja na la yule muzee, kama mtu na mke wake waliokula mali ya watoto. Visahani atavipokea, vilikuwa vya wasichana. Lakini yeye, Angèle, asije kufundisha kwa sasa.

"Si mimi nakatala," alisema. "Ni bazazi. Ungoye kwanza."

Angèle alisema anaelewa. Aliacha gunia mlangoni. Alipokuwa akitafuta pikipiki barabarani, wasichana walikwisha kulifungua, na vitu vya njano vilianza kuruka vibaya juu ya uwanja wa shule, vikigonga ukuta, vikipotelea katika shamba la viazi. Alitaka kumwambia mmoja wao ainue kiwiko. Alipanda pikipiki.

Wenceslas alipiga simu siku hiyo na siku zilizofuata. Angèle alipopokea mwishowe, alimkuta Muzee mchangamfu. Alisema mambo yametulia, watu wamesahau, na kwamba amepata njia ya kuchanganya plastiki ya beseni na ile ya jerikani, safari hii itakubali, anachohitaji ni magunia mengine kadhaa. Alimwita mutoto yangu. Angèle alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyozoea kumsikiliza. Kisha alimwambia kwamba plastiki iliyo nyuma ya karakana bado ni nyingi, aanze na hiyo, na asimpigie tena. Alikata. Alianza kupanga ndoo, akazipanga vibaya, ikabidi mama yake ampangie.

Klabu iliendelea Buhene, na Wenceslas aliendelea kuwa kiongozi wake. Angèle hakurudi. Alipopita kwa mbali na kusikia minyororo ya vikapu ikilia, alitembea haraka.

Mvua za mwaka zilipoanza, Fabiola alikuja kwenye nafasi ya Angèle akiwa amevaa nguo za kazi. Alichagua beseni kwa muda mrefu kuliko beseni linavyohitaji. Alieleza kwamba alikwenda karakanani kurekebishiwa jiko, akaona magunia nyuma, akayafungua. Plastiki ilikuwa safi, imeoshwa, kila rangi katika gunia lake. Alimuuliza Muzee ile plastiki chafu iko wapi, na Muzee akaanza kuzungumza habari nyingine.

"Nilikuuliza ile siku mbele ya batu bote," Fabiola alisema. "Ingekuwa muzuri nikuulize kando."

Angèle alikuwa ameshika beseni lake tayari kumkabidhi. Alifikiri angefurahi kusikia maneno kama hayo. Alikuwa ameyangoja usiku na mchana. Sasa yalikuwa yamefika na hakujua ayaweke wapi. Alimwambia Fabiola kwamba amesikia. Fabiola alisimama kidogo, akingoja neno lingine, kisha akalipokea beseni, akajifunika kichwani kwa sababu ya mvua, akavuka barabara.